Nyota, Sauti na Sura

Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mtu anayejulikana na watu asiowajua. Kuna maarufu, kuna mashuhuri, kuna mwenye jina, na kuna mwenye sifa. Ukiyachungua maneno haya utaona kuwa hakuna hata moja linalohusu macho. Maarufu ni mtu aliyejulikana. Mashuhuri ni mtu aliyetangazwa. Mwenye jina ni mtu aliyetajwa. Yote ni mambo ya ulimi na masikio. Neno nyota nalo lilikuwapo, lakini kazi yake ilikuwa nyingine. Wazee wa pwani walisema kuwa fulani ana nyota, maana yake ana bahati ya kupendwa aliyozaliwa nayo, na mnajimu aliyetaka kuitazama aliuliza jina la mtu na jina la mama yake. Nyota ilikuwa mali ya mtu, kama kivuli chake. Aliweza kuwa nayo asijulikane nje ya mtaa wake. Siku hizi husemwa kuwa fulani ni nyota, na wale wanaoliona neno hilo kuwa jepesi husema staa, au supastaa. Tofauti ya kuwa na nyota na kuwa nyota ni ndogo katika sarufi lakini ni kubwa katika maisha. Mwenye nyota huenda nayo apendako. Aliye nyota hana budi kukaa juu, mahali pa kutazamwa.

Mfano mzuri wa jina lililotangulia sura ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Akafinyanga vyungu na kuvitembeza. Akahamia mjini mwaka 1911. Na mwaka 1928 akavuka bahari pamoja na wenzake wapiga ala kwenda Bombay kutia nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri. Habari zake zilizohifadhiwa, hasa wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert na kuchapishwa mwaka 1958, zaonyesha kuwa hakusifiwa kwa uzuri wa uso. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumcheka kwa asili yake ya shamba na kwa umbo lake, naye akawajibu kwa wimbo. Jambo la kuangaliwa hapa si tusi, kwani matusi ni ya kale kama majina. Jambo ni kwamba tusi lenyewe lilipaswa kuwa na vina. Aliyetaka kumdhalilisha Siti alilazimika kwanza kutunga; na kama angalitunga vibaya, watu wasingaliuimba utungo wake, nao ungalikufa mdomoni mwake. Hata adui wa mwimbaji ilimpasa awe fundi.

Sahani zile ziliposambaa zilibeba sauti peke yake. Mtu wa Lamu au wa Tanga aliyekaa barazani kusikiliza santuri hakujua Siti alivaa nini siku ile, alikula nini, wala nani alimtembelea usiku. Alijua sauti, na alijua maneno, na pengine alibishana na mwenzake juu ya fumbo lililomo. Akitaka zaidi ya hayo hakuwa na la kufanya ila kuirudisha sindano mwanzo wa sahani. Kiu yake yote ilirudi katika wimbo.

Redio iliendeleza desturi hiyo. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, na baada ya uhuru Redio Tanzania ilizirekodi bendi za dansi kwa wingi hata maktaba yake ikawa ghala la sauti za nchi. Yafaa kukumbuka kuwa majina yaliyotangulia zama zile yalikuwa ya bendi, si ya watu: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz. Bendi ya NUTA, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walilipwa mshahara kama makarani. Walikuwapo watu waliolishinda jina la bendi, na wa kwanza wao ni Mbaraka Mwinshehe, aliyefika na Morogoro Jazz hata kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, na aliyekufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Huyu alivuma Afrika Mashariki yote, naye alizaliwa, akavuma, akafa kabla Tanzania Bara haijawa na kituo chake cha televisheni. Waliomlilia wengi wao walikuwa wameiona sura yake kwenye jalada la santuri tu, au kwa mbali ukumbini usiku mmoja. Lakini wakisikia gitaa lake hata leo, humtambua kabla hajafungua kinywa.

Si haki, hata hivyo, kuzisifu zama zile kana kwamba zilikuwa za neema. Msikilizaji alipenda wimbo bure, na nchi ilipenda wimbo bure. Sheria ya hakimiliki yenye nguvu ya kuwasaidia watunzi ilikuja mwaka 1999, wakati ambapo wengi wa waliostahili kuinufaikia walikwisha kufa. Marijani Rajabu, aliyeitwa Jabali la Muziki, na ambaye nyimbo zake za Safari Trippers na Dar International ziliimbwa na watu waliokuwa hata hawajui kusoma jina lake, aliishi miaka yake ya mwisho kwa kuuza kanda, akafa mwaka 1995 akiwa si tajiri. Kijana wa leo akiambiwa kuwa wazee walikuwa na muziki bora, ana haki ya kuuliza kama wazee hao walilipwa. Swali hilo lina adabu kuliko linavyosikika.

Televisheni ilifika Afrika Mashariki kwa miguu isiyolingana. Nairobi iliipata mwaka 1962, Kampala mwaka 1963. Zanzibar iliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati ambapo nchi kubwa nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara ilikaa bila. Serikali iliona kuwa ni anasa ya wachache wa mijini katika nchi ambayo wengi wake hawana umeme, na hoja hiyo, hata kwa asiyeipenda, haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1994 vituo vya watu binafsi vikaanza Dar es Salaam. Televisheni ya serikali ikafuata mwaka 2000.

Aliyenunua televisheni siku zile alinunua na wageni. Saa ya mchezo ilipofika, watoto wa jirani walikaa mkekani, wakubwa wakapewa viti, na waliokosa nafasi wakasimama dirishani na vichwa vyao vikawa pazia. Michezo ya kundi la Kaole ilizungumzwa kesho yake sokoni na kwenye daladala kama habari za mtaa. Hapo ndipo jambo jipya lilipotokea. Waigizaji walianza kuitwa njiani kwa majina ya watu waliowaigiza. Aliyeigiza mwanamke mchonganishi alikutana sokoni na watu waliomsuta kwa uchonganishi. Watu hawa hawakuwa wajinga, wala hawakushindwa kutofautisha mchezo na maisha; wengi walifanya hivyo kwa utani. Lakini utani una maana yake. Mtu hutaniwa na wale wanaodai kuwa wake. Uso uliokuwa umeingia sebuleni kila juma ulikwisha kuwa uso wa nyumbani, na mtu wa nyumbani huulizwa alikotoka na anakokwenda.

Hapo palibadilika jambo ambalo halikutangazwa. Msikilizaji wa santuri na redio alikuwa mdeni. Alipewa wimbo, akaupenda, akajua kuwa amepewa. Hata kama hakulipa senti, moyoni alijiona ana deni kwa yule aliyeimba. Mtazamaji ni mdai. Huona kwamba ni yeye aliyemfanya yule awe mtu, kwa kumtazama. Basi yule aliyetazamwa ana wajibu wa kuendelea kujionyesha, na akificha jambo amemdhulumu mwenziwe. Ndiyo sababu msichana aliyeigiza mchezo mmoja huulizwa ataolewa lini, na watu ambao hawatoi mahari wala hawatahudhuria harusi. Ndiyo sababu mwimbaji akinenepa watu hukasirika, akikonda hukasirika, na akinyamaza hukasirika zaidi. Magazeti ya udaku yaliyoshamiri Dar es Salaam katika miaka ya 1990 na 2000 hayakuizua hasira hiyo. Yaliiuza tu kwa bei nafuu, na baadaye simu za mkononi zikaigawa bure.

Watetezi wa desturi hii husema kuwa ushindani na matusi vilikuwapo tangu zamani, nao hawakosei. Mashabiki wa Msondo na wa Sikinde walitaniana kwa miaka mingi, na wengine waliyachukulia mambo hayo kama dini. Katika miaka ya 1990 Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano walipokezana mipasho mpaka watu wakagawanyika kambi mbili, kila kambi na kanga zake. Walakini msikilizaji wa mipasho aliyemtaka mwenzake akome alilazimika kusubiri beti, anyanyuke, atunze fedha jukwaani palepale penye neno lililomfaa, na arudi kukaa. Palikuwa na kanuni. Mlengwa naye alijua ni wapi pa kungoja zamu yake. Leo mashabiki wa nyota hujiita timu, na mtu wa timu akitaka kumtukana mwimbaji wa timu nyingine hahitaji vina, hahitaji mizani, hahitaji hata jina lake mwenyewe. Kwa mwanafunzi wa ushairi hasara hii ni kubwa kuliko ile ya adabu. Lugha iliyozoea kutia sumu katika fumbo imeanza kuimwaga katika sinia.

Wanaotazamwa nao hawakuketi kuonewa. Wametambua kuwa deni hili halilipiki, basi wamejifunza kulifanyia biashara. Neno lao ni kiki. Msanii anayekaribia kutoa wimbo hugombana na mpenzi hadharani, au hupatana naye, au huonekana mahali na mtu asiyetarajiwa. Nchi husema kwa siku tatu. Siku ya nne wimbo hutoka. Kiki ni neno zuri lisilo na heshima, nalo humkumbusha mtu pikipiki ya zamani iliyopigwa teke ili iwake. Ubaya wake ni kuwa pikipiki iliyozoea teke hukataa kuwaka bila teke. Kuna waimbaji wenye sauti za kutosha kuwatoa nyoka pangoni ambao sasa hakuna anayeuliza wimbo wao unasema nini, kwa kuwa kila wimbo umetanguliwa na kisa, na kisa kimekuwa kitamu kuliko wimbo.

Tena gharama ya uso si ndogo. Bongo Fleva ilianza kama muziki wa vijana wasio na kitu, na miongoni mwao wametoka watu wa maana: Joseph Mbilinyi, aliyeanza kama Mr. II, alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Katika miaka ya mwanzo kijana mwenye mashairi na rafiki mwenye studio aliweza kusikika redioni. Ilipofika miaka ya 2010, wimbo usio na picha ya video ulihesabiwa kuwa haujatoka, na waliotaka picha za kushindana na Nigeria walisafiri mpaka Afrika Kusini kupigwa. Fedha ile mfinyanzi wa Fumba angaliitoa wapi? Hata mashindano ya televisheni ya kutafuta waimbaji, ambayo yamewatoa vijana wengi wenye vipaji, yana jambo moja la kutia huzuni, nalo ni kwamba wanaoimba vibaya huonyeshwa kwa makusudi ili nchi icheke. Zamani aliyeimba vibaya aliambiwa na rafiki zake akarudi nyumbani. Kushindwa kulikuwa siri ya watu wanne.

Lakini mtu akiishia hapa atakuwa amesema nusu. Mwigizaji Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga aliyejulikana kwa michezo ya Kaole kisha kwa filamu zake mwenyewe, alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28. Alipozikwa Kinondoni siku tatu baadaye, jiji lilisimama. Maelfu walijaa viwanja vya Leaders na njia za kwenda makaburini; wengine walipanda miti; ilisimuliwa kwamba wengine walizimia. Wasomi kadhaa walicheka wakati ule, wakauliza kwa nini watu wanalia kwa ajili ya mtu ambaye hakuwajua. Kicheko hicho hakikuwa na akili nyingi. Msiba, kwa desturi ya nchi hizi, ni kazi ya jirani. Jirani hukoka moto, hutandika mikeka, hutoa ubani, hulala matangani. Wale waliofika Kinondoni hawakuwa jamaa, wala hawakuwa na mkeka wa kutandika. Lakini walijiona majirani, kwa kuwa kijana yule alikuwa ameketi sebuleni kwao miaka kadhaa, akilia na kucheka kwa Kiswahili chao, wakati ambapo filamu nyingi walizoonyeshwa zilitoka ugenini na watu wa ndani yake hawakufanana nao. Walikwenda kufanya kazi ya jirani kwa namna pekee waliyoweza, yaani kwa miguu yao. Mdai aliyezoea kudai alikuja siku hiyo kulipa.

Basi macho yaliyofanya ubaya wote uliotajwa juu ndiyo yaliyotoa machozi yale. Ni vigumu kuyatenga. Mtu atakayetaka kumwondoa mtazamaji sebuleni kwa sababu ya udaku wake, itampasa amwondoe na yule aliyetembea kwa miguu mpaka Kinondoni.

Kuna mwanamke mmoja aliyeishi zama zote mbili, naye ni Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Nyimbo nyingi alizoziimba zilikuwa za Siti. Alizishika kwa sikio. Aliimba na kupiga ngoma ya unyago kwa miongo mingi watu wakubwa wasimtie maanani, na ulimwengu wa nje ukaja kumgundua akiwa bibi kizee. Tuzo ya WOMEX alipewa mwaka 2005. Picha zilimpenda. Uso wake uliokunjamana, sigara yake, ngoma aliyoifunga kiunoni, vyote vilikuwa ni vitu ambavyo mpiga picha hawezi kuviacha. Waandishi wa habari walimwuliza umri. Walimwuliza tena na tena, wengine kana kwamba umri ndio uliokuwa ukiimba. Ni wachache waliomwuliza jinsi alivyogawa pumzi katika ubeti mrefu, au kwa nini alilibadilisha neno fulani alipoziimba nyimbo za Siti, na sasa hayupo wa kuulizwa. Picha zake ni nyingi, nzuri, na za rangi.

Diamond Platnumz, kijana wa Tandale aliyeanza kuvuma mwaka 2010 kwa wimbo wa mapenzi wa kawaida, amekwenda hatua moja mbele ya wenzake. Mwaka 2018 kilianza kituo cha Wasafi TV, na mtu aliyekuwa akitazamwa akawa na kioo chake mwenyewe. Waliomsifu waliona kuwa mwimbaji wa Kiswahili hatimaye amepata kulipwa, na kwa kumkumbuka Marijani na kanda zake, hapana mwenye haki ya kuichukia sifa hiyo. Lakini kioo kinataka kitu cha kuonyesha asubuhi, mchana na jioni, na mwenye kioo ndiye kitu kilicho karibu zaidi.

Watu wa pwani walilijua jicho kabla ya televisheni. Walilihofu. Mama aliyejifungua alikaa ndani siku arubaini na mwanawe, mgeni asimtazame mtoto kupita kiasi, wala asimsifu bila kumtaja Mungu. Na mtoto alipotolewa nje alitiwa wanja usoni ili jicho lipate mahali pengine pa kutua. Siku hizi baadhi ya watoto wa nyota hufunguliwa ukurasa wao katika mitandao kabla ya arubaini yao kutimia, na watu maelfu kwa maelfu wasiojulikana huja kuwatazama, mmoja akisifu pua, mwingine akiuliza imetoka kwa nani. Katika picha kama hizo, mara nyingine, ukitazama vizuri kwenye paji la uso wa mtoto, utaona kuwa bibi yake amekwisha kupita na wanja.